Huruma na Mpaka Wake: Funzo la Burma

Katika Kiswahili chetu, kumhurumia mwenzako ni sifa, lakini kujihurumia ni aibu. Anayejihurumia ni mvivu, mlalamishi, mtumishi anayeugua kila Ijumaa mchana. Lugha imetujengea uzio hapo, nami nadhani uzio huo una gharama. Wanaharakati ninaowafahamu hujichapa bakora wenyewe usiku kwa sababu ya shauri waliloshindwa mchana. Watumishi wa umma niliowafundisha miaka ya nyuma hunitembelea wakiwa wamekauka, wakimzungumzia mwananchi kama mtu anavyozungumzia mvua iliyomharibia harusi. Hawakuanza hivyo. Wengi wao waliondoka darasani na moyo mkubwa kuliko wangu.

Kwa hiyo leo nitaandika juu ya zoezi la kale la Wabudha linaloitwa metta, neno la Kipali ambalo maana yake, kwa ukaribu, ni wema wenye upendo, au kumtakia mtu heri kwa dhati. Najua baadhi ya wasomaji wangu wataguna. Taamuli imetufikia kwa mlango wa hoteli za kitalii na programu za simu, ikiwa imepakwa manukato, kana kwamba ni dawa ya watu wenye muda na fedha. Lakini mimi naandika juu ya siasa, kama ilivyo desturi yangu. Burma, ambayo siku hizi huitwa Myanmar, imelihifadhi zoezi hili kwa karne nyingi. Imelipeleka barabarani mbele ya bunduki, na imelisaliti mbele ya macho ya dunia. Wala sisi wa Afrika Mashariki si wageni kabisa wa nchi hiyo: babu zetu wa Keya walipelekwa kupigana katika bonde la Kabaw mwaka 1944, katika vita ambavyo havikuwa vyao.

Utaratibu wa zoezi ni rahisi kuueleza. Mtu huketi, hutulia, kisha hukariri moyoni maneno machache ya heri: niwe salama, niwe na afya, niishi kwa utulivu. Huanza na nafsi yake. Halafu humleta mbele ya macho ya moyo mtu anayemheshimu, labda mwalimu wake, akamtakia yale yale. Baada yake huja mtu ambaye si rafiki wala adui, kama muuza maji wa kona ya mtaa. Mwisho huja yule aliye na uhasama naye. Hapa hakuna maombi kwa yeyote. Ni mazoezi ya utashi, jinsi mkimbiaji anavyoizoeza miguu yake.

Aliyeyapanga mazoezi haya kwa maandishi tunayoyasoma mpaka leo ni mtawa Buddhaghosa, katika kitabu chake Visuddhimagga, alichokiandika Sri Lanka karne ya 5. Ni mwandishi mkavu, mpenzi wa orodha, lakini anamjua binadamu. Anaonya kwamba usianze na adui, maana utachoka mapema. Anaonya pia dhidi ya kuanza na mtu unayemtamani, kwa sababu tamaa hujivika vazi la upendo na kuingia nyumbani kama mwenye nyumba. Na pale ambapo kinyongo kwa adui kinakataa kutoka, anatoa mbinu moja baada ya nyingine, mpaka ile ya mwisho ambayo ni ya mikono zaidi kuliko ya moyo: mpe zawadi.

Kisha anatoa mtihani. Mtu ameketi na wenzake watatu: ampendaye, asiyemhusu, na adui yake. Wanatokea majambazi na kusema, tupeni mmoja wenu, tunataka damu ya kafara. Atolewe nani? Akisema mchukueni adui yangu, hajafuzu. Akisema mchukueni huyu nisiyemjua, hajafuzu. Sisi tuliolelewa kwa hadithi za mashujaa tunalisubiri jibu la nne kwa hamu: nichukueni mimi, waacheni hawa. Buddhaghosa anasema huyo naye hajafuzu. Aliyefuzu ni yule anayewatazama watu wote wanne, yeye mwenyewe akiwamo, asimwone hata mmoja wa kutoa. Hapo, anasema, ndipo mipaka imevunjika.

Nimewasomesha wanafunzi wangu kisa hiki mara kadhaa na kila mara huzuka ubishi, hasa kwa wale walio katika harakati. Wanaona kama kinaidharau sadaka. Mimi nakisoma hivi: mtu anayejitoa kafara kwa wepesi amechora mpaka kama wengine, ila amejiweka nje yake. Na mkono uliozoea kuchora mpaka hauishii hapo. Mratibu wa kampeni asiyejiruhusu kulala hatawaruhusu vijana wake walale. Afisa anayejiona hana haki ya kukosea atamkaripia mzee aliyejaza fomu vibaya kwa ukali ule ule anaojikaripia nao. Ndiyo sababu zoezi huanza na nafsi. Nafsi haipewi cheo hapa. Inatumiwa kama shahidi wa karibu: najua ninavyoogopa maumivu, na kwa ujuzi huo ninaweza kukisia ya mwingine.

Wanasaikolojia wameliingilia suala hili kwa vipimo vyao. Tania Singer na Olga Klimecki, wakifanya kazi Ujerumani na kushauriana na mtawa Mfaransa Matthieu Ricard, walitenganisha mambo mawili ambayo sisi huyaita huruma kwa pamoja. La kwanza ni kuumia pamoja na anayeumia. La pili ni kumtakia heri na kuwa tayari kumsaidia. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2014, watu waliofunzwa lile la kwanza walielemewa zaidi walipotazama picha za video za watu walio katika mateso; walipofunzwa la pili kwa njia inayofanana na metta, hali ilibadilika, wakayatazama mateso yale yale bila kuzama. Washiriki walikuwa wachache na walijitolea wenyewe, kwa hiyo sitayafanya matokeo hayo kuwa msahafu. Lakini yanaeleza kitu ninachokiona. Muuguzi wa zamu ya usiku aliyeumia na kila mgonjwa kwa miaka kumi hawezi tena kuumia. Amelazimika kufunga mlango, na sisi tunaofika dirishani tunakutana na mlango huo, tukauita jeuri.

Niseme hapa, kwa mabano, kwamba sina subira na waajiri wanaowapeleka watumishi kwenye semina ya utulivu wa akili ilhali wodi yenye wagonjwa arobaini ina muuguzi mmoja. Metta haiajiri muuguzi wa pili.

Sasa nimtaje mtumishi wa umma ambaye alikuwa na zoezi hili tangu utoto. U Thant alizaliwa Pantanaw, Burma, mwaka 1909, akawa mwalimu wa shule kabla ya kuwa mwanadiplomasia. Novemba 1961 alikabidhiwa uongozi wa Umoja wa Mataifa baada ya ndege ya Dag Hammarskjöld kuanguka karibu na Ndola. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1978 baada ya kifo chake, anaeleza bila haya kwamba alijitahidi kuishi kwa sifa nne: metta, huruma kwa anayeteseka, kufurahia heri ya mwenzako, na utulivu usioyumba. Mei 1962, akiwa New York, aliletewa habari kwamba mwanawe wa kiume amefariki dunia katika ajali ya basi nyumbani. Anaandika jinsi malezi hayo yalivyomsaidia kuipokea. Oktoba mwaka huohuo alikuwa kati ya Kennedy na Khrushchev juu ya makombora ya Cuba.

Kinachonivuta zaidi kwake, hata hivyo, ni Katanga. Alirithi jimbo la Kongo lililojitenga chini ya Moïse Tshombe, likitunishwa na fedha za migodi na kulindwa na mamluki wa Kizungu. Azimio namba 169 la Baraza la Usalama lilimpa ruhusa ya kutumia nguvu kuwaondoa mamluki hao, naye akaitumia: mapigano yalizuka Elisabethville, ambayo ni Lubumbashi ya leo, Desemba 1961, na tena mwishoni mwa Desemba 1962, mpaka Tshombe alipotangaza mwisho wa kujitenga Januari 1963. Raia nao walikufa, na lawama hiyo haifutiki kwa kuwa aliyetoa idhini alikuwa Mbudha. Lakini mtu asinieleze tena kwamba wema wenye upendo ni sera ya kukunja mikono. U Thant alijaribu mazungumzo kwa mwaka mzima, akamwona Tshombe akivunja ahadi moja baada ya nyingine, kisha akaamua. Kumtakia mtu heri ni jambo moja. Kumwachia mkononi kisu alichokishika ni jambo jingine.

Burma yenyewe, wakati huo, ilikuwa imeangukia mikononi mwa jeshi tangu Machi 1962. U Thant alipofariki mwaka 1974 na mwili wake kurudishwa Rangoon, serikali ya Jenerali Ne Win haikutaka kumpa heshima yoyote ya maana. Wanafunzi wa chuo kikuu waliliteka jeneza, wakataka kumzika mahali palipokuwa na jengo la umoja wa wanafunzi, ambalo jeshi lilikuwa limelilipua mwaka 1962. Askari wakavamia chuo na kulichukua.

Miaka 33 baadaye ikaja zamu ya watawa. Agosti 15, 2007, serikali ya kijeshi iliondoa ruzuku ya mafuta bila kumwambia mtu. Nauli zikapaa na chakula kikafuata. Watu wakaandamana kidogo kidogo. Septemba 5, katika mji wa Pakokku, askari waliwapiga watawa. Watawa wakataka kuombwa radhi na kuweka siku ya mwisho, Septemba 17. Radhi haikuombwa. Kesho yake wakaingia barabarani kwa maelfu, wakitembea pekupeku wakati wa mvua, na walichokuwa wakikariri ni Metta Sutta, maneno ya kuwatakia heri viumbe wote, wenye bunduki wakiwamo.

Pamoja na hayo walifanya jambo lenye ukali mkubwa: waliyapindua mabakuli yao ya sadaka. Mtawa wa Burma huishi kwa chakula anachopewa kila asubuhi, na mtoaji hupata thawabu. Kuligeuza bakuli chini juu mbele ya jenerali ni kumwambia kwamba mlango wa thawabu umefungwa kwako. Hakuna tusi ndani yake, wala jiwe. Na sheria ya watawa inasema mgomo huo hukoma mkosaji anapotubu, yaani bakuli hupinduliwa kwa namna inayoruhusu ligeuzwe tena. Wanaharakati wa kwetu wanaotafuta mbinu wangefanya vizuri kulichunguza bakuli hili kwa makini. Ni kukataa kushirikiana, kukataa kwa wazi na kwa gharama, bila kumfukuza anayekataliwa kutoka kwenye jamii ya watu. Jeshi lilijibu kuanzia Septemba 26 kwa risasi na mabomu ya machozi. Monasteri zilivamiwa usiku, watawa wakavuliwa majoho na kufungwa jela.

Kama ningeishia hapo, makala hii ingekuwa hadithi nzuri ya kuwasimulia wafadhili. Siwezi kuishia hapo.

Mwaka 2012 mapigano yalizuka katika jimbo la Rakhine, na Waislamu wa Kirohingya, ambao sheria ya uraia ya mwaka 1982 ilikuwa tayari imewaacha nje, wakasukumwa kambini. Kutoka Mandalay, mtawa Wirathu, aliyekuwa ametoka jela Januari mwaka huohuo, akawa sauti ya vuguvugu la 969 lililowataka Wabudha wasinunue kwenye maduka ya Waislamu wala wasioane nao. Machi 2013 mji wa Meiktila uliwaka. Kisha, kuanzia Agosti 25, 2017, jeshi lile lile lililowapiga watawa wa Pakokku liliingia katika vijiji vya Warohingya baada ya wapiganaji wao kushambulia vituo vya polisi. Katika miezi michache zaidi ya watu 700,000 walikimbilia Bangladesh. Umma ulioimba heri kwa viumbe wote mwaka 2007 kwa sehemu kubwa ulinyamaza, au ulishangilia.

Mwisho wa Oktoba 2017 mtawa mwenye heshima kubwa nchini, Sitagu Sayadaw, aliwahutubia maofisa wa jeshi. Aliwasimulia kisa cha mfalme wa kale wa Sri Lanka aliyesononeka kwa wingi wa watu aliowaua vitani, akaja kufarijiwa na watawa kwamba kati ya wote hao ni mtu mmoja na nusu tu aliyestahili kuhesabiwa: mmoja aliishika dini kikamilifu na mwingine nusu. Wasomaji wangu na waiweke hesabu hiyo kando ya kisa cha majambazi. Vyote viwili vimetoka katika maktaba moja ya kale, katika dini moja, katika kisiwa kimoja. Katika kimoja hakuna wa kutolewa. Katika kingine maelfu walishatolewa kwenye hesabu ya watu kabla ya upanga kuwafikia.

Sisemi kwamba metta ilishindwa Burma. Nasema iliwekewa mpaka, na ikiwekewa mpaka inakuwa mapenzi ya kabila. Mapenzi ya kabila yana joto lote la upendo, nyimbo zake na machozi yake, ndiyo maana ni vigumu kuyatambua kutoka ndani. Huko Meiktila, mkuu wa monasteri moja, U Withuddha, aliwafungulia mlango mamia ya Waislamu waliokuwa wakikimbia, na kundi lilipofika likidai watolewe, alikataa kuwatoa. Naye alikuwa amejifunza maneno yale yale aliyojifunza Wirathu. Tofauti yao ilikuwa mahali alipokoma kila mmoja.

Sisi tunaujua mpaka huu kwa majina yake. Rwanda, kabla ya Aprili 1994, watu waliitwa mende. Bonde la Ufa nchini Kenya majirani waliitwa madoadoa, na kila aliyelisikia neno hilo alijua kwamba doa huondolewa. Hapa kwetu Tanzania tunacheka zaidi: mshabiki wa upande mmoja ni chawa, wa upande wa pili ni nyumbu, na hata wasomi wanaopaswa kujua zaidi huyaandika maneno hayo mitandaoni mchana kweupe. Nimeyasikia kwa wanafunzi ninaowapenda, wanaopigania haki kwa dhati. Nawaambia kwamba chawa ni mdudu, na kwamba lugha haiulizi nia ya msemaji kabla ya kufanya kazi yake.

Najua pingamizi linalonisubiri: kwamba kumfundisha mnyonge kumtakia heri mwenye nguvu ni kumchoma sindano ya ganzi. Ni pingamizi la haki, na mtu anayehubiri metta kwa waliodhulumiwa peke yao anastahili kutiliwa shaka. Ningependa zaidi kuiona katika vyuo vya polisi. Lakini watawa wa mwaka 2007 hawakuwa na ganzi. Walidai radhi, wakaweka tarehe, wakaadhibu kwa bakuli. Hasira yao ilipewa kazi ya kufanya na ikanyimwa kazi ya kuamua nani ni mtu.

Wala hakuna anayelazimika kubadili dini. Mkristo ameshaamriwa kumpenda adui yake, na Mwislamu huanza kila jambo lake kwa kumtaja Mwenye kurehemu. Kinachokosekana mara nyingi ni zoezi la kila siku, la dakika kumi, lenye mpangilio. Anayetaka kujifunza kwa wenye nalo, Dar es Salaam kuna hekalu la Kibudha ambalo mizizi yake ni wahamiaji kutoka Ceylon, na Uganda kuna kituo kilichoanzishwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyekuwa mtawa. Kwa mtumishi wa umma ningeshauri atumie muda mrefu zaidi kwa yule mtu wa tatu, asiye rafiki wala adui. Adui tunamfikiria sana, anatunyima usingizi. Anayedhulumiwa ofisini ni huyu wa katikati, mwenye jalada namba fulani, anayeambiwa njoo kesho na mtu ambaye hana chochote dhidi yake. Mpe uso kabla ya kulifungua jalada. Mtakie afike nyumbani salama. Halafu litafute jalada.

Nirudi Burma kwa mara ya mwisho, maana historia yake haikuishia 2017. Februari 1, 2021, jeshi lilipindua tena serikali, na vijana wa Yangon na Mandalay wakapigwa risasi barabarani na askari wale wale ambao miaka minne kabla waliwaita walinzi wa taifa. Wengi wao wakaanza kuwaandikia Warohingya hadharani, kwa majina yao, wakiomba radhi kwamba walinyamaza. Kutoka kambi za Bangladesh baadhi ya wakimbizi walijibu kwa picha za vidole vitatu vilivyoinuliwa, ishara ya waandamanaji. Juni 3 mwaka huo, serikali ya umoja wa kitaifa iliyoundwa na wapinzani wa mapinduzi ilitoa tamko lililowaita Warohingya kwa jina lao, jina ambalo serikali zilizotangulia zilikataa hata kulitamka, na kuahidi kuifuta sheria ya 1982. Wengi wa waliokusudiwa na tamko hilo walilisoma wakiwa chini ya turubai, Cox's Bazar, kwenye simu za kuazimana.